Skopu ya jicho la kupinda inanikosesha ndege, nimefunga kebo tai mbili ila bado. Nyie mnalengaje?

chekeamwezi_tanga:
Wakuu salaam, habari za jioni. Mi niko Sahare hapa Tanga, naangalia ndege wa pwani kwenye mashamba ya chumvi, huu ni msimu wa tano naandika hesabu kwenye daftari. Mwaka huu Mungu kajalia nimepata skopu, ile darubini ya bomba moja, ya mtumba ila vioo vyake safi kabisa, zumu ya kukuza mara 20 hadi 60 na lenzi ya mbele milimita 80. Ni ile ya jicho (pale unapochungulia) la kupinda nyuzi 45, yaani bomba linatazama mbele ila wewe unainama kama mtu anachungulia kisima.

Picha nzuri mno, shida ni kulenga tu. Jumamosi ilikuwa bamvua, maji yamepanda mpaka ndani ya mikoko, na mnajua maji yakijaa vile ndege wote wanahamia kwenye matuta ya chumvi kupumzika, chekeamwezi, sululu, buabua, wote wamejipanga. Kwa macho tu nikawaona wale wala kaa, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanne, mwisho wa tuta. Nikainamia skopu, naona matope. Nikasogeza kushoto, maji. Kulia, mizizi ya mkoko. Nainua kichwa wapo, nainama hawapo, nainua wapo, nainama hawapo, nimehangaika hivo dakika tano nzima mpaka kipanga akapita chini chini na tuta zima likaruka. Iliniuma sana kwa kweli, maana hao ndo ndege niliowasubiri tangu mwezi wa 9.

Nimepiga hesabu nikaelewa kwa nini. Kwenye 60 skopu yangu inaonyesha kama nyuzi 1 tu. Umbali wa mita 300 hiyo ni duara la mita 5 na kidogo, sasa pwani yote ile wewe unatafuta mita 5. Kwenye 20 ni nyuzi 2 hivi, mita 10 na kidogo. Na skopu ya kunyooka angalau pua yako inaelekea kwa ndege, hii pua inaelekea chini.

Nimechukua kebo tai mbili, ile mikanda ya plastiki ya kufungia waya, nimefunga moja mbele moja nyuma ya bomba, mikia imesimama juu nikiilinganisha inanionyesha njia. Imesaidia nusu. Saa nyingine inaingia, saa nyingine nakosa kabisa. Mliotengeneza vitu kama hivi naomba mnifundishe.

FundiSpoku_Ngamiani:
Kaka hongera kwa skopu. Maswali mawili kabla sijasema kitu. Mikia umeisimamisha juu ya bomba katikati, au ubavuni? Na toka tai ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimita ngapi?

chekeamwezi_tanga:
Juu katikati fundi. Sentimita 9 hivi.

FundiSpoku_Ngamiani:
Basi ugonjwa ushajulikana, na ni mawili.

La kwanza, juu katikati ndo pabaya kuliko pote kwa skopu ya kupinda, kwa sababu lile jicho lenyewe limesimama pale pale nyuma, limekuzibia njia. Inabidi uinue kichwa upite juu yake, ukipita juu yake huangalii tena sawasawa na bomba, unaangalia kwa kushuka. Ndo maana saa nyingine inaingia saa nyingine haiingii, kila mara kichwa chako kinakaa mahali tofauti. Hamishia ubavuni. Chagua ubavu ambao tripodi haina ule mkono wa kusukumia, kwa wengi ni kushoto. Hapo unatoka kwenye jicho, unashusha uso kidogo kando, jicho lile lile unalotumia linakuta mstari, halafu unarudi. Kichwa kisisafiri.

La pili ni urefu. Mi kazi yangu ni baiskeli, rimu nikinyoosha naangalia milimita, kwa hiyo hili najua. Kama vidokezo vyako viwili viko sentimita 20 mbalimbali, ukikosea milimita 3 na nusu umekosea nyuzi 1. Kwako ni sentimita 9, ukikosea milimita 1 na nusu tu nyuzi 1 imeshaondoka, na umesema mwenyewe kwenye 60 hiyo ndo picha yote. Milimita 1 na nusu mkono wa binadamu kwenye upepo wa kusi hauwezi. Tanua mpaka mwisho wa bomba, ila usifunge kwenye pete ya fokasi kama skopu yako inafokasi kwa kuzungusha bomba, wala kwenye ile pete ya mbele inayovutwa kukinga jua, vyote vinatembea na mstari wako unatembea navyo.

mwl_kaole:
Naungana na fundi. Mimi ni mwalimu huku Bagamoyo, nina wanafunzi wa klabu ya mazingira, tunaenda nao ufukweni na siku nyingine mpaka upande wa mdomo wa mto Ruvu. Watu wanauliza kwa nini nisitafute skopu ya kunyooka, jibu ni hao watoto. Ya kupinda unaiweka chini, mfupi na mrefu wote wanaangalia bila kugusa tripodi kila saa. Ila watoto 30 wakipita, kila wa tatu ameisukuma kidogo, na mimi narudi kumtafuta yangeyange upya.

Nilichofanya ni bomba la peni. Peni nene ya plastiki iliyokwisha wino, nimekata ncha zote mbili, limebaki sentimita 14, tundu lake milimita 5. Ukigawa hapo unapata kama nyuzi 2, yaani tundu la peni linaonyesha karibu sawa na skopu ikiwa kwenye 20. Sikupanga, ilitokea tu hivyo, lakini ndio siri ya kazi yote: kinachoonekana ndani ya peni ndicho kitakachokuwa ndani ya skopu. Mtoto wa darasa la tano anaelewa bila maelezo.

Mambo mawili ya kuangalia. Peni ikiwa ya kupitisha mwanga inaleta mwanga mkali ndani jua likiwa kando, izungushieni tepu nyeusi ya umeme. Na mkimaliza zibeni tundu, hawa nyigu wa udongo wakiona bomba jembamba wanajenga. Nililikuta limejaa udongo asubuhi watoto wamesimama wananisubiri.

mgeni_wa_mikoko:
Habari wakuu, mi mgeni humu. Kwani si ufunge ile leza nyekundu ya kwenye funguo, unawasha unaona nukta imetua wapi unapeleka skopu hapo? Inauzwa bei rahisi tu kila mahali.

binti_mwambani:
Ndugu yangu karibu, ila hiyo hapana, na nasema kwa moyo mmoja kabisa. Kwanza mchana wa jua la Tanga mita 300 hiyo nukta huioni. Pili kwenye maji yale kuna watu, kuna wavuvi kwenye ngalawa, kuna akina mama wanaokota chaza na kaa maji yakitoka, leza kwenye jicho la mtu ni kumuumiza. Tatu ndege waliolala kwenye tuta ukiwapitishia mwanga usioeleweka wanaruka, na hao wametoka huko Siberia wanatakiwa wale na kupumzika, kila ukiwarusha unawala nguvu zao. Tusifanye kabisa.

Mimi natembeza wageni, sasa niongeze jambo la kuelekezana maana nusu ya kulenga ni kujua pa kulenga. Wageni wanaelekeza kwa uso wa saa, anasema ndege yuko kwenye tatu, anamaanisha mkono wa kulia. Sasa kwa sisi mshale ukiwa kwenye ile tatu ni saa tisa! Nimeshaona watu wawili wamesimama bega kwa bega mmoja anatazama kulia mwingine kushoto, ndege kaondoka. Hivyo mi nimeacha saa kabisa. Natafuta kitu kisichotembea, mkoko mkavu, nguzo, mlango wa maji wa dimbwi, nasema toka mkoko mkavu hesabu vichaka viwili kwenda kuume, chini ya tuta. Skopu naipeleka kwanza kwenye mkoko mkavu, huo haukosi hata mara moja, ndipo natambaa nayo taratibu mpaka kwa ndege.

mgeni_wa_mikoko:
Nimeelewa dada, asante, nimeifuta kichwani.

nahodha_mstaafu:
Wanangu nimewasoma nimefurahi. Mimi macho yangu yana miaka 67. Hizo ncha za kebo tai za nyuma mimi sizioni, karibu na uso ni ukungu mtupu, na nadhani wazee wengine humu mko kama mimi mnanyamaza. Kwa mwenye macho ya kizee ncha ya nyuma ibadilisheni iwe kipete. Nilikunja waya wa shaba ukawa duara la upana wa kidole cha mwisho, mbele nikaacha ncha moja tu. Kipete kinakuwa ukungu lakini jicho lenyewe linajua katikati ya duara ni wapi, halihitaji kukiona vizuri. Unaweka ncha katikati ya ukungu na kitu juu ya ncha, imekwisha.

Na mimi silengi ndege. Nalenga mwezi mwandamo. Kila jioni ya 29 ya mwezi wa Kiislamu tunatoka na vijana, na huo ndio mtihani wa kulenga, maana ndege angalau ana mti wa jirani, mwezi uko angani hauna jirani. Mwezi mzima upana wake ni nusu nyuzi tu, na ule wa siku ya kwanza ni uzi mwembamba umelala kama ngalawa juu ya pale jua lilipozama. Tena machweo yetu hayako baharini, yako bara, kuna minazi na mapaa ya nyumba. Ncha nyeusi magharibi haionekani, nimepaka rangi ya kucha nyeupe ya mjukuu wangu, inaonekana mpaka giza linaingia.

Ila nawaomba, nawasihi, asielekeze mtu skopu upande wa machweo kabla jua halijazama lote, hata kipande chake kisibaki. Vioo vile vinakusanya jua lote kwenye jicho moja, na jicho likiungua halirudi. Mimi nasubiri jua lizame, naangalia saa, ndipo natoa kifuniko cha lenzi. Kijana akiniharakisha namwambia akae chini.

FundiSpoku_Ngamiani:
Shikamoo mzee. Hicho kipete nimekipenda. Niongeze tu, waya uwe wa shaba kama wa mzee au usioshika kutu, mi niliweka spoku ya chuma ya kawaida, wiki tatu pale ufukweni Deep Sea, hapa Tanga, chumvi imeila na kutu imeshuka kwenye rangi ya skopu ya mteja.

Kuna kitu nilijaribu nikashindwa, nawaambia msirudie. Kioo kidogo cha poda, nilikiinamisha ubavuni karibu na jicho ili mtu akiwa bado kainama aone mbele, nikiamini ndo suluhisho la moja kwa moja. Kinaonyesha mbele kweli, lakini kwa kupindua, kama unavyoona mikoko kwenye maji yaliyotulia, miti kichwa chini. Unataka kupandisha unashusha, unataka kushusha unapandisha. Kulia na kushoto viko sawa, juu na chini vimegeuka, kichwa kinauma. Niliking'oa.

nahodha_mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hiyo hata mimi ingenishinda.

chekeamwezi_tanga:
Fundi, mzee shikamoo, mwalimu, dada. Nimeyafanya yote wiki hii, narudi na majibu, samahani ni ndefu ila nataka mwenye tatizo kama langu akisoma asibaki na swali.

Nimehamishia ubavu wa kushoto. Chini ya kila tai nimeweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, isikwangue rangi na isiteleze jua likipasha plastiki ikalegea. Umbali sasa ni sentimita 21. Hapo nikagundua bomba langu si la kunyooka, mbele linanenepa kwa ajili ya lenzi, nyuma jembamba, kwa hiyo mikia ya urefu sawa inakupeleka nje kabisa. Huenda hili nalo lilinikosesha ile Jumamosi.

Kurekebisha nilienda Raskazone jioni, bahari imetulia. Kitu cha kulinganishia nikachagua mnara wa taa wa Ulenge, mbali vya kutosha. Nikauweka katikati kwenye 20, nikapanda 60, nikauweka katikati tena, nikakaza tripodi vitasa vyote. Kuanzia hapo bomba haligusi mtu. Nikashusha uso kushoto, nikaangalia toka ncha ya nyuma kwenda ya mbele. Mstari ulikuwa umeenda nje sana, kushoto ya mnara, ukaelea kwenye maji matupu. Ncha ya mbele ndo ilikuwa imetokeza zaidi toka kwenye bomba, basi hiyo ndo ya kukata. Nikatoa kikatio cha kucha. Nikakata kama punje ya mchele, nikaangalia. Nikakata nusu punje, nikaangalia, nikachungulia tena kwenye jicho kuhakikisha mnara haujatoka katikati. Mara ya 6 ncha ikagusa mnara wenyewe. Kwenda juu na chini ni rahisi zaidi, hukati, unaizungusha tai yenyewe kidogo kwenye bomba kabla hujaikaza mwisho. Kisha nikapaka ncha zote rangi ya kucha, ya mbele nyeupe, ya nyuma nyekundu, nisizichanganye.

Mwalimu, nimejaribu pia kwa kitu cha karibu maana kuna mdiria anakaa kwenye kamba za mashua mita 5 tu. Pale inakosa, na nimejua kwa nini, ncha ziko sentimita 7 pembeni ya katikati ya lenzi, na kwa mita 5 hizo sentimita 7 ni karibu nyuzi 1 nzima. Kwa mita 100 hazina maana yoyote. Kwa hiyo unarekebishia mbali, na wa karibu unampata kwenye 20 kwa kusogeza kidogo tu kushoto. Kwangu ni kushoto kwa sababu ncha ziko kushoto.

Na kubwa kuliko yote, nimeacha kutafuta nikiwa kwenye 60. Nilikuwa namaliza na ndege mmoja kwenye 60 natafuta mwingine pale pale kwenye 60. Sasa mkono unarudisha 20 wenyewe kabla kichwa hakijainuka. Ncha hazinipi ndege katikati, zinaniingiza tu ndani ya zile nyuzi 2, na hiyo inatosha, mengine yanafanywa na zumu.

mwl_kaole:
Maelezo mazuri sana haya, nitayachapisha kwa ajili ya klabu kwa ruhusa yako. Swali: tai zenyewe zinakaa muda gani kabla hazijapasuka kwa jua?

FundiSpoku_Ngamiani:
Mwalimu tumia nyeusi usitumie nyeupe, zile nyeupe jua linazikausha zinakatika kama biskuti. Na kila mwezi rudia kuangalia kwenye mnara, dakika mbili tu, maana skopu ikiingia kwenye begi ncha zinapinda. Mi mfuniko wa kuzilinda nimetengeneza kwa ndala kuukuu, kipande cha ile sponji nimechimba tundu mbili, ncha zinaingia humo safarini. Ndala hiyo hiyo ukikata kipande na kuchonga kijibonde juu inakuwa kidokezo cha nyuma kizuri tu kwa asiye na waya, haikwangui kitu.

binti_mwambani:
Kaka na wale wala kaa je? Umewapata au umetuacha kwenye mnara wa taa?

chekeamwezi_tanga:
Nimewapata dada, leo asubuhi, tuta lile lile.

Maji yalikuwa yanaanza kutoka. Walikuwa watano safari hii. Nikaweka ncha kwenye mlango wa maji wa dimbwi kama ulivyosema, nikatambaa kulia, nikaweka ncha nyeupe juu ya ndege wa mwisho, nikarudisha jicho, yupo. Mara ya kwanza tu, yupo ndani ya picha pembeni kushoto. Nikaleta katikati nikapanda 60 taratibu.

Mmoja alikuwa mdogo, mgongo wake bado kijivu haujawa mweusi. Alisimama karibu kabisa na mkubwa mmoja, ameinama, anafungua mdomo anadai. Mkubwa alikuwa na kaa mdomoni, anamtikisa, mguu wa kaa unaruka huku, mwingine kule, anamgonga chini kwenye matope, anamtikisa tena, na mdogo anafuata kila hatua. Kisha akampa. Ndege kasafiri bahari yote ile kutoka kaskazini walikozaliana mpaka Tanga na bado analishwa na mzazi wake, nimeiona kwa macho yangu mwenyewe, nimekaa nao dakika 40 bila kuwapoteza. Waliporuka kwenda mita 50 mbele niliwafuata, ncha, jicho, wapo tena.

Nimeandika kwenye daftari watano, mdogo mmoja.

nahodha_mstaafu:
Maashallah. Mwanangu jioni ya 29 njoo na hiyo skopu yako Raskazone, vijana wangu nao wajifunze kukata kwa kikatio cha kucha. Tunakutana kabla ya magharibi, tunarekebishia kwenye mnara kukiwa bado na mwanga, tukiwa tumelipa jua mgongo.

chekeamwezi_tanga:
Nitafika mzee. Nakuja na tai za akiba na mpira wa tyubu.

FundiSpoku_Ngamiani:
Waya wa shaba mnao huku kwangu, pitieni Ngamiani mchukue, msinunue.